Atakayekaa Kando Yangu

Ijumaa, saa kumi na mbili na robo jioni, wala si na nusu kama kaka atakavyokuja kudai, maana redio ya jirani ilikuwa ndiyo kwanza inamaliza taarifa ya habari, Baba akaweka kikombe mezani akauliza, kesho tunatoka saa ngapi, tunatoka, yeye na mimi, kana kwamba jambo limeshaamuliwa tangu nizaliwe, na kweli limeshaamuliwa, kwa sababu katika nyumba hii mtu hajifunzi gari, mtu hufunzwa na Baba, Mama alifunzwa, kaka alifunzwa, sasa zamu yangu, nami nimeshika kijiko nakoroga chai ambayo sukari yake imeyeyuka zamani, jibu ninalo, ninalo tangu Jumapili, ninachokosa ni mlango wa kulitolea... mwalimu wa shule ya udereva alisema masomo yake peke yake hayatoshi, nitafute mtu mwenye leseni wa kukaa kando yangu nikifanya mazoezi, na akaongeza, huku anafuta vumbi la dashibodi kwa kiganja, kwamba dereva mzuri ni mmoja na mkaa kando mzuri ni mwingine, nisije nikawachanganya, mtihani wiki ijayo, na kliniki inayonisubiri nikapime macho ya watoto mashuleni imesema wazi, bila leseni lile gari lao dogo na mashine zake atapewa mwingine, kwa hiyo sichezi, nachagua, na kuchagua najua, mimi kazi yangu ni kupima... Jumapili niliwapima wote, kila mtu kwa kisingizio chake, nikawaketisha kando yangu garini hapo uani, injini imezimwa, nikawa nabadilisha gia za bure huku nawaangalia kwa pembe ya jicho, kaka alikuwa na simu mkononi na bado alipata nafasi ya kunyoosha mkono kunisahihishia usukani, usukani wa gari lililosimama, Mama alifumba macho, gari limezimwa na Mama kafumba macho, na Baba alikaa wima, mkanda kaufunga, mguu wake wa kulia ukawa unakanyaga taratibu breki isiyokuwepo, kapeti ya upande ule imechubuka mpaka nyuzi zinaonekana, si abiria walioichubua, ni yeye, miaka yote ya kutufunza... halafu wifi, mke wa kaka, huyu anayeitwa Kobe kwa jinsi anavyoendesha, alifunzwa kwao kabla hajaolewa, alikaa, akatazama mbele, kisha akaniuliza naona nini, nikasema naona geti, akasema, na chini ya geti, na chini ya geti palikuwa na miguu ya mpita njia, viatu vya buluu, nami sikuwa nimeviona, mimi, mtu wa macho, hapo hapo nikajua ni yeye... “Daktari wa miwani kaganda,” kaka anasema sasa, “Baba, mpe muda, anatafuta gia,” na wanacheka, Baba naye anacheka, wifi hacheki, anapaka siagi kwenye mkate mpaka pembeni kabisa bila kuacha sehemu kavu, hivyo ndivyo alivyo, Mama anasema mwacheni mwenzenu anywe chai yake... ningeweza kusema ni umri wa Baba, ningeweza kusema ni macho, uongo mtamu huo, ila macho yake nimeyapima kwa mikono yangu na mstari wa chini kabisa anausoma kama anasoma jina lake, na ameendesha malori masafa marefu maisha yake yote ya kazi bila kumgusa hata kuku, hana dosari, hilo ndilo tatizo, mtu asiye na dosari utamkataaje, na mchana huu ameosha gari mpaka ndani ya ringi, na shati lake la safari nimeliona limepigwa pasi, liko kwenye kiango nyuma ya mlango, mtu huyu tangu astaafu kazi yake ni kuhamisha kiti kukifuata kivuli, hakuna anayemwomba kitu, nami nimwambie nini, kwamba nimemchagua Kobe, mbele ya mwanawe anayemcheka Kobe... ni ule mguu wake, nitasema ni mguu, unanitia wasiwasi, mwezi uliopita aliponitoa mara ya kwanza mpaka kwenye mzunguko ulikuwa unakanyaga kapeti, mwenye baiskeli na trei zake za mayai akaingia mbele yetu, na nikachelewa, na yule mtu akaweka kiganja chake juu ya boneti kama anayemtuliza ng'ombe, hakunitukana hata, alinitazama tu, mayai yote mazima, Mungu mkubwa, na Baba alikuwa amesema “baiskeli,” alisema mapema, kwa sauti ya chini, kama inavyotakiwa, sasa kama alisema mapema mimi nilichelewa kwa nini... wagonjwa huwa nawauliza, ulipojikwaa ulikuwa unatazama wapi, swali dogo, sijajiuliza mwenyewe, nilikuwa natazama wapi, aliposema baiskeli niligeuka, niligeukia kwake, nikamtazama usoni nione kama amekasirika, baiskeli iko mbele na mimi nasoma uso wa baba yangu, si mguu, mguu hauna kosa... na kaka, subiri, kaka akiwa peke yake garini, nimemwona mara ngapi kutoka dirishani, kabla hajaingia barabara kubwa hutupa jicho kwenye kiti cha pembeni, kiti kitupu, kisha ndipo anaingia, tulikuwa tunadhani anatafuta simu, na Mama, leseni yake iko kwenye droo ya vijiko, alifaulu mara ya kwanza, na tangu afaulu hajashika usukani, husema hapendi barabara, Mama hapendi barabara au hajui aitazameje bila uso wa mtu kando, nyumba nzima tunaendesha kwa kumtazama Baba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia, tumemwachia aamini anatufunza kuendesha... basi mlango huu hapa, ni huu, kusema macho yangu yanakokwenda, wala si wa kumsema yeye, ila si hapa mezani kaka akicheka, kijiko nimekiweka. “Saa moja, Baba,” nikasema. “Saa moja kasorobo,” akasema, “injini nayo inataka salamu,” akainua kikombe chake, redio ya jirani ikaanza matangazo ya sabuni, kaka akaomba siagi, na wifi akanitazama juu ya mkate, nadhani alikuwa ameona kitu chini ya geti.

Asubuhi nilianza kwa wifi, nikamgongea mlango, nikamwambia, vaa viatu, nikamwambia na kwa nini, akavaa bila maswali. Baba alikuwa tayari kwenye kiti cha pembeni, shati la safari, mkanda umefungwa, na nilipozunguka gari nikapita mlango wangu, nikaufungua wa kwake. “Baba, naomba ushuke. Huna kosa lolote. Ukikaa hapa nakutazama wewe, siitazami barabara.” Akaangalia ile kapeti chini ya mguu wake, kisha akasema, “Mama yako hakuwahi kuniambia,” akafungua mkanda, akashuka, akakipangusa kiti kwa kiganja, wifi akae. Geti alilifungua mwenyewe. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia klachi, na tulipokwisha kupita nikatupa jicho kwenye kioo, nikamwona amesimama anashikilia geti, mkono mmoja juu kuzuia magari yasiyokuwepo, nikamtazama kama kioo kinavyotazamwa, mara moja, kisha mbele.