Alitutoka

Kwenye televisheni, msichana wa Kijerumani alikuwa anapanda ngazi na karatasi kaficha ndani ya koti, na mimi usingizi ulikuwa umenishika. Nilikuwa nimetoka kazini Tumba, kunyanyua wazee wa watu vitandani tangu alfajiri, na miguu imevimba hata soksi zinabana. Lakini Aurore alikuwa na kazi ya shule kuhusu filamu ile, ya vijana waliompinga Hitler kwa vipeperushi, na alitaka tuitazame pamoja. Binti wa miaka kumi na saba akikutaka ukae naye, hukatai.

"Walijua watauawa," akasema kwa Kiswidi. "Na hawakukimbia. Si kama tonton Zénon."

Usingizi ukaniruka.

"Zénon alikimbia wapi?"

"Mama, si ni wewe unasemaka? Alitutoka. *Han stack.* Nimeandika hivyo kwa mwalimu."

*Han stack*, yaani alitoroka zake. Nikajiona mjinga. Miaka yote hapa Norsborg, kila nilipomtaja kaka yangu Zénon, nilisema alitutoka, kama tulivyozoea Bukavu, maana neno kufa linachoma kinywa. Binti yangu aliyezaliwa Sweden akayasikia maneno yalivyo: mtu alifunga mizigo yake, akatuacha kwenye mataa.

Nilichukia adabu yangu siku ile. Kaka yangu alikuwa anaitwa mwoga chini ya paa langu, na jina hilo nilimpa mwenyewe bila kujua.

Nikaisimamisha filamu, msichana mguu mmoja hewani.

"Alikufa," nikasema. "Walimuua. Walimukamata pale chuoni, trakti ziko ndani ya mfuko. Karatasi kama za huyu binti. Juu ya rais."

Aurore akanigeukia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na nilitamani kumkumbatia, ila mikono yenyewe ilikuwa imechoka.

"Alikuwa anaziandika peke yake?"

"Hapana. Yeye na mimi. Na wenzetu."

Kisha akauliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayepima kila neno kabla ya kulikanyaga:

"Na walipomuuliza wengine ni nani?"

"Walimuuliza wiki nzima," nikasema. "Na mimi nililala kwetu, kwenye kitanda changu, kila siku. Hakuna mtu alikuja kupiga hodi."