Pembeni mwa Benchi la Wazee

Waliosafiri kutoka Kagondo kwenda Muleba asubuhi ile walikuwa wanne: Mwalimu Evodia, mumewe Mwesiga, wifi yake Agnetha, na shemeji yake Rutaihwa, mtu wa kuinama kila mlangoni. Elieth, binti wa Evodia, alikuwa ametangulia na bendi ya matarumbeta ya usharika. Siku hiyo ya jubilei, sherehe ya kila mwaka ya sharika zote, alikuwa amepewa ubeti wa kupiga peke yake kwa mara ya kwanza.

Evodia alikuwa mfupi hata miongoni mwa wanafunzi wake wa darasa la saba. Ufupi haukumfanya akimbie sherehe. Alizipenda, msongamano na vumbi lake pamoja. Kilichomuuma ni kimoja. Siku Elieth alipopata kipaimara, yeye aliona migongo ya makoti tu. Mkono wa askofu juu ya kichwa cha mwanawe aliusikia kwa kusimuliwa.

Walipofika, watu walikuwa wamejazana mbele ya jukwaa.

"Leo pia nitakusimulia, shemeji," Rutaihwa alisema. "Au nikubebe begani?"

"Ubebe mzigo mwingine. Miguu yangu ni mifupi, lakini inafika."

Akapenya chini ya viwiko na mikoba, akapanda na barabara hadi mahali maandamano ya bendi yangeanzia. Pale palikuwa na benchi la wazee wasioweza kutembea. Kila bendi husimama kwanza kuwapigia wao, na hakuna mwenye adabu anayethubutu kuwazibia. Evodia akapiga magoti, akawaamkia mmoja mmoja, kisha akasimama.

Mmoja wao, Mzee Byarugaba, akamtazama. "Inuka sasa, mwanangu."

"Nimekwisha kuinuka, Tata."

Benchi zima likacheka, naye akacheka nao.

"Basi simama hapa pembeni yangu," mzee akasema. "Wewe hutuzibii kitu."

Rutaihwa, aliyekuwa amemfuata nyuma, akajisogeza naye. Fimbo ya mzee ikamgusa goti. "Wewe mnara, nenda kule nyuma ya migomba."

Bendi ikaja, ikasimama. Elieth akatoka mstarini, hatua tano tu kutoka kwa mama yake. Evodia akaona mashavu yakijaa, vidole vikishuka juu ya vifungo vya tarumbeta kimoja baada ya kingine, jasho likimeta juu ya mdomo. Sauti ya juu ikayumba kidogo, kisha ikatulia, ikapaa. Hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba binti yake ameweza.

Mchana, wakila ndizi na maharage, Agnetha alikiri kwamba kule mbele ya jukwaa yeye na Mwesiga waliona miavuli tu. Rutaihwa naye alikuwa ameona majani. Wote wakamgeukia Evodia. Akawasimulia kwa utaratibu, tangu hatua ya kwanza ya Elieth hadi ya mwisho, bila haraka. Alipomaliza, akaweka sahani chini.

"Mwakani jubilei itakuwa Kemondo," alisema. "Nimeamua kwamba nafasi za kusimama nitazipanga mimi, kama mstarini shuleni. Wafupi mbele. Shemeji, wewe utakuwa wa mwisho."