Orodha ya Akiba

Mtaani kote fundi cherehani huyu alijulikana kwa mambo mawili: mkono mzuri na ahadi mbaya. Ukimpelekea kitambaa akakwambia njoo Jumamosi, ujue ni Jumamosi kweli, ila hajasema ya mwezi gani. Bibi harusi mmoja aliwahi kumkalia kizingitini tangu asubuhi mpaka gauni likaisha, akaondoka nalo likiwa bado na joto la pasi. Mwenyewe fundi alikuwa akicheka tu na kusema cherehani yake haina gia. Tuyaseme haya mapema, kwa sababu katika maisha yake yote aliwahi mara moja tu, na mara hiyo moja ndiyo iliyomponza.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na tatu, mwembamba na mkali wa akili. Bibi yake alipomwona siku ya kwanza alisema fundi amezaa sindano, na jina likaganda hapo hapo. Hata walimu walimwita Sindano. Hesabu alikuwa akizila kama wenzake wanavyokula pipi.

Mwaka ule Sindano alikuwa anamaliza shule ya msingi, na nyumba nzima ikawa tumbo joto. Sekondari ya mtaani ilikuwepo, lakini darasa moja lilikuwa na watoto tisini, na mwalimu wa hesabu alikuwa amehama bila hata kuaga. Mama Sindano, aliyefanya kazi kwenye tanuri la mikate, hakuficha neno. "Pale mwanangu ataenda kuozea," alisema. Basi wakaingia kwenye mbio za shule za kulipia, na mbio zile hazina huruma kwa mtu.

Siku hizi mtoto hachukuliwi shule hivi hivi. Anatahiniwa, anasailiwa, anapigwa picha, anaulizwa akikua anataka kuwa nani, utadhani anaomba ubalozi. Mzazi naye anaulizwa kama nyumbani kuna vitabu. Jumamosi tatu mfululizo Sindano aliingia kwenye malango matatu tofauti na penseli mbili na kifutio, na mara zote tatu baba yake alibaki nje juani pamoja na wazazi wengine, waliojifanya wanasoma magazeti. Mmoja alikuwa akieleza kwa sauti kwamba wa kwake amefundishwa na walimu wanne wa ziada, kila mmoja na somo lake. Fundi alikuwa na futi yake ya kupimia shingoni kwa sababu alisahau kuivua, na alijiona mdogo sana.

Majibu yakaanza kuja. Shule ya kwanza ilikataa kwa mstari mmoja. Ya pili, ile ya karibu na soko, ilimkubali: nafasi ipo, mzazi athibitishe kabla ya Alhamisi saa sita mchana, na kama haihitaji anaombwa airudishe mapema ili apewe mtoto mwingine. Shule nzuri tu, hakuna wa kuisema vibaya. Lakini ya tatu ndiyo iliyokuwa roho ya Sindano, shule ya mlimani, yenye maabara mbili na maktaba ya peke yake. Siku aliyotoka kwenye mtihani wake alizungumzia maabara zile njia nzima, na nyumbani akaendelea mpaka mama yake akamwambia ameze chakula kwanza.

Barua ya mlimani ilifika Jumamosi. Fundi aliifungua kwa mkasi wa kukatia vitambaa, jambo ambalo angelifanya mtu mwingine pale dukani wangekosana.

"Tunafurahi kukujulisha," iliandikwa, "kwamba binti yako amefaulu mtihani wa kujiunga, na jina lake limewekwa katika orodha ya akiba."

Akaisoma mara tatu. Tunafurahi. Amefaulu. Akiba.

Sasa, neno akiba kwa fundi cherehani si neno la mchezo. Kila sketi ya mwanafunzi aliyoshona aliiachia akiba ndani ya pindo, vidole viwili vya kitambaa, ili mtoto akirefuka ishushwe. Akiba ile ni ya mwenye nguo. Haionekani kwa nje, lakini ipo, imekunjwa vizuri, inamsubiri yeye tu, na fundi anayeikata akaitia kwenye nguo ya mtu mwingine ni mwizi kama wezi wengine. Kwa hiyo aliposoma kwamba jina la mwanawe limewekwa katika akiba, alielewa jambo moja tu: wamemtunzia nafasi yake.

Mkewe alirudi kazini akiwa na unga kwenye nyusi. Akasoma akiwa amesimama.

"Akiba," alisema. "Maana yake wamemwekea?"

"Wamemwekea, mama Sindano. Si unaona wanafurahi? Nani anayefurahi akikunyima kitu?"

Mama Sindano naye alikuwa na akiba yake, magunia mawili ya unga nyuma ya tanuri, ambayo hayaguswi hata mteja apige magoti. Akaisoma tena barua. "Kama ni akiba basi ni yetu," akasema, akakaa chini, akalia kidogo kwa furaha na kujipangusa kwa aproni.

Watu wazima wawili, wenye akili zao timamu. Mtaani walikuwepo wa kuuliza, tena wengi, lakini nani anayekwenda kuuliza maana ya habari njema? Walimwita Sindano, wakamwambia umepata mlimani, na mtoto akaruka mpaka vyombo vikatikisika kabatini.

Usiku ule ule mama mtu akasema kwamba ile nafasi ya karibu na soko wasiikalie. "Tukiishikilia tutakuwa tumemzibia mtoto wa mwenzetu. Na yeye ana mama kama mimi." Fundi alikubali, na alikubali kwa moyo mmoja, maana alikuwa ameonja jua la malangoni na hakutaka kumwonjesha mtu. Sindano hawakumwambia. Waliona mambo ya karatasi ni ya wakubwa, mtoto aachwe na furaha yake.

Hapo ndipo fundi, yule wa njoo kesho, alipoamua kuwa mtu wa kuwahi. Jumatatu saa mbili asubuhi, siku tatu kabla ya mwisho, alikuwa mbele ya dirisha la karani wa shule ile na barua ya shukrani aliyoiandika kwa mwandiko wake bora.

Karani, dada mmoja mwenye miwani, alisoma akamtazama. "Mzee, una hakika? Muda upo mpaka Alhamisi."

"Nina hakika, dada yangu. Mwanangu amewekewa nafasi mlimani. Hii mpeni mwingine, naye akafurahi."

"Hongera, basi," alisema karani, akagonga muhuri.

Neno lenyewe la akiba fundi hakulitamka. Angelitamka, huenda yule dada angeshtuka akamrudishia karatasi yake. Lakini alisema amewekewa, na muhuri ukagongwa, na alitoka pale kifua mbele kama mtu aliyetoa sadaka.

Mchana alinunua kitambaa cha kijani cha sare ya mlimani na kuanza kukikata, akiimba. Wateja walioahidiwa nguo zao tangu mwezi uliopita walipita wakatazama, wakaondoka wakitikisa vichwa. Sindano aliporudi shuleni alimsimamisha kumpima.

"Baba, kitambaa si ungesubiri kidogo?" aliuliza.

"Nisubiri nini? Leo fundi wako hana foleni. Simama wima."

Alisimama wima. Alikuwa kimya, na baba yake akadhani anaona haya kwa sababu kiuno kimeanza kubadilika. Sketi iliisha Jumanne. Ilikuwa nguo ya kwanza katika historia ya duka lile kuisha kabla ya siku yake.

Ijumaa asubuhi fundi alipanda mlimani kuomba orodha ya vifaa. Aliyempokea ni karani mzee, mpole, aliyepitisha kidole kwenye karatasi moja kutoka juu mpaka chini, kisha akarudia.

"Jina lake silioni kwa waliochaguliwa."

"Tazama kwenye akiba," alisema fundi, akitabasamu.

Karani akageuza ukurasa. "Aah, akiba yupo. Wa arobaini na moja."

"Ndiyo huyo huyo. Basi nipatie orodha ya vifaa, nisikusumbue."

Yule mzee akaweka kalamu chini. "Ndugu yangu," alisema taratibu, "akiba si kuchaguliwa. Wewe unatazama mpira? Ni kama wale wachezaji wa akiba. Wanakaa benchi. Mpaka mmoja wa ndani aumie ndipo wa nje anaingia."

Fundi alitazama karatasi. "Na mwanangu ni wa arobaini na moja."

"Wa arobaini na moja."

"Mwaka jana waliingia wangapi?"

"Watatu."

"Lakini mliandika kwamba mnafurahi."

"Barua zetu zote zinaanza hivyo, ndugu yangu. Hata za waliokosa."

Fundi hakumbuki alivyoshuka mlima. Anakumbuka tu kwamba alianza kwa kutembea, kama mtu mzima anayejiheshimu, na alipofika kwenye duka la dawa alikuwa anakimbia, na kiatu kimoja kilimtoka akarudi kukichukua. Alipofika dirishani kwa yule dada wa miwani alikuwa hana pumzi ya kumsalimia. Aliomba tu barua yake.

"Barua gani, mzee?"

"Ile ya Jumatatu. Nilikosea. Nirudishieni."

Karani alielewa kabla hajamaliza, na uso ukamshuka. "Jumatatu hiyo hiyo nilimpigia mzazi aliyekuwa anafuata," alisema. "Alifika hata chai yangu sijaimaliza. Ameshathibitisha. Si nilikuuliza, mzee?"

"Uliniuliza."

Alimpeleka kwa mwalimu mkuu, mama wa makamo, mwenye sauti ya upole. Jalada lilikuwa mezani, na ndani yake fundi aliuona mwandiko wake mwenyewe, umenyooka kama mshono.

"Barua yako tuliisoma kwenye kikao cha walimu," alisema mwalimu mkuu. "Wazazi wengi hawana ustaarabu huu. Wanashika nafasi tatu tatu, mpaka shule zinafunguliwa hatujui nani anakuja."

Fundi aliinamia meza. "Mama, hata kona hakuna? Kiti nitaleta mwenyewe. Meza pia. Sare za shule yako nitazishona mwaka mzima, tena kwa wakati."

"Si suala la kiti, baba. Ni idadi. Nikimwongeza mmoja lazima niwaongeze wote waliopo nje, na wapo." Akafunga jalada. "Pole sana. Kusema kweli, pole sana."

Afadhali angemfokea. Mtu akikufokea unapata pa kushika, unajibu, unagombana, unaondoka na hasira zako. Yule mama alisimama akampa mkono, na fundi akajikuta anasema asante.

Alizunguka mlango wa nyuma wa tanuri la mikate. Mkewe alimsikiliza huku mikono imezama kwenye unga uliokandwa, na alipomaliza hakuitoa.

"Nilisema ni yetu," alisema mama Sindano. "Ni mimi niliyesema."

"Nilisema mimi kwanza."

"Na kuirudisha ile nyingine nilisema mimi."

Hawakugombana. Walikuwa na kila sababu, ila nguvu hawakuwa nazo. Mwenye tanuri aliita kutoka ndani kwamba mikate inaungua, na mama Sindano akaanza kukanda tena, machozi yakimtoka bila ya kuyapangusa. "Nenda ukamwambie," alisema. "Asije akasikia kwa watu."

Ilikuwa saa kumi alipofika nyumbani. Sindano alikuwa mezani akifanya hesabu ambazo hakuna aliyempa. Fundi alivuta kiti akakaa mbele yake, akaweka mikono mezani, akaiondoa, akaiweka tena.

"Mwanangu, ile akiba ya mlimani..."

"Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Kwamba sikuchaguliwa. Mwalimu alinieleza Jumatatu." Alifunga daftari. "Nilikuja mbio nikuambie, nikakukuta unakata kitambaa na unaimba. Sijawahi kukusikia unaimba kazini. Nikashindwa."

Siku nne mtoto alikuwa amebeba mzigo huu peke yake, amesimama wima akipimwa kiuno kwa ajili ya shule asiyokwenda, ili mzee wake asipoteze raha yake. Fundi aliona aibu kuliko alivyoona aibu mbele ya makarani wote wawili.

"Nililia siku ya kwanza tu, shuleni," alisema Sindano. "Sasa yameisha. Baba, usifanye uso huo." Akasimama akazunguka meza, akamwekea mkono begani, kama mama yake anavyofanya. "Si tuna ile ya karibu na soko? Nimeulizia, mwalimu wao wa hesabu ni mzuri kuliko hata wa mlimani. Tena nitakwenda kwa miguu. Maabara wanayo moja, lakini moja inatosha."

Alikuwa akitabasamu, anampa moyo baba yake. Fundi aliinamisha kichwa.

"Wao wanafungua lini, baba?" aliuliza Sindano.