Wiki za Kijiti

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa, saa tatu na nusu asubuhi, pale mkunga alipokunja utepe wake wa kupimia tumbo na kutamka, "Sentimita thelathini na sita, yaani wiki thelathini na sita. Bado. Rudini baada ya wiki mbili."

Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi la mlangoni, bintiye kitandani nyuma ya pazia. Aliposikia "wiki mbili", miguu ilimwinua yenyewe. Miaka saba nyuma, katika jengo hilihili, mkewe aliambiwa maneno hayohayo. Alirudi kabla wiki hazijatimia, amebebwa, na yeye na kichanga wakazikwa siku moja. Hakuna mkubwa aliyeulizwa hata swali. Mganga mkuu alipandishwa cheo.

"Sista, mmekosea," alisema, akisogeza pazia.

"Mzee! Huku ni kwa akina mama!"

"Na huyo ni mwanangu. Ana thelathini na nane, si thelathini na sita."

"Baba, tafadhali," binti alisema, akivuta shuka.

"Nyamaza wewe, mama. Mama yako alinyamaza, tukaona."

Akafungua leso. Ndani mlikuwa na kijiti cha kupimia mimba, kile cha bei mbaya chenye kioo kidogo kinachotaja na wiki. Binti alikinunua duka la dawa kwa kuwa siku zake za mwezi huja zinapotaka, hana tarehe ya kumwambia mtu. Siku alipokitumia, Jumanne pia, fundi alichora mstari wa chaki ukutani, nyuma ya cherehani. Kila Jumanne akaongeza mmoja.

"Mistari iko thelathini na mitano, wa leo bado sijauchora. Kijiti kilisema mbili mpaka tatu. Jumlisha tatu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hiyo naiweza."

Mkunga alicheka kidogo, bila ubaya. "Mzee wangu, kijiti kinahesabu tangu mimba ilipotunga. Sisi tunahesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hesabu yetu inatangulia kama wiki mbili. Usichanganye."

"Kwa hiyo kwenye yangu niongeze mbili?"

"Ndiyo, uongeze..." Mkunga akakwama.

"Arobaini," fundi alisema. "Umesema mwenyewe, sista. Mimi sijatia mkono."

"Vijiti hivyo hukosea pia! Wengi vinawapatia, wengine vinawapotosha. Cha kuaminika ni ultrasaundi ya mapema."

"Alikuja mapema. Mashine ilikuwa imefunikwa turubai."

"Ilikuwa mbovu."

"Na leo?"

Turubai lilikuwa palepale pembeni, juu yake wameweka boksi la glavu.

Fundi hakuweza kutulia. Alikwenda dirishani, akarudi, akasimama mbele ya meza. "Hebu lete huo utepe." Alivua wake shingoni, akalaza zote mbili, akazibana kwa kidole. Wa mkunga uliposoma thelathini na sita, wake ulisoma thelathini na saba na nusu. "Umevutika huu. Mimi nisingepimia hata pazia. Nyie mnapimia watu."

Mkunga aliinama, akatazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akakichukua kijiti, akakigeuza kwenye mwanga. "Haya. Kilisema mbili mpaka tatu. Wapi? Hapa hakuna kitu."

"Kilizimika. Kesho yake tu."

"Uliandika?"

Fundi alipapasa mfuko wa daftari lake. Wateja wote wamo daftarini kwake, kiuno, kifua, mguu, hata yule mpiga debe aliyekataa kurudi kuchukua suruali. Hiki cha mwanawe alichora mstari tu, namba hakuiandika. Aandike ya nini, na kijiti kipo kwenye droo ya vifungo?

"Kilikuwa mbili mpaka tatu," alisema.

"Baba," binti alisema polepole, "mimi nakumbuka moja mpaka mbili."

"Mbili mpaka tatu! Nilikishika mimi."

"Na mimi ndiye niliyekikojolea, baba."

Mkunga alitoka na utepe wake mkononi. Fundi alizunguka chumba, akahesabu vigae, akapotea, akaanza upya. Binti alimwambia akae, akakaa, akainuka.

Mkunga alirudi na daktari wa zamu, mwanamke wa miwani aliyevaa viatu vya mpira. Alimpapasa binti tumbo, akauliza juu ya hedhi, akauliza mtoto anacheza vipi. Kisha akavuta kiti, akaketi na faili magotini.

"Kama arobaini imefika, simrudishi nyumbani kwa wiki mbili. Namlaza leo, namwanzishia uchungu. Kama ni thelathini na sita, nitakuwa nimemtoa mtoto kabla hajakomaa, kwa mkono wangu. Na hiyo mashine hata ingekuwa nzima, kwa mimba kubwa hivi ingeweza kukosea wiki mbili, tatu."

"Basi amueni," fundi alisema. "Si ndiyo kazi yenu wakubwa?"

"Nitaamua. Lakini utepe umeuumbua wewe, na hesabu ya mistari unayo wewe peke yako."

Miaka saba alikuwa amemtamani mtu wa kukaa hivi, kalamu mkononi, asiyeweza kukimbia. Sasa mtu huyo amekaa, na kalamu inamngojea yeye. Binti alikuwa amegeuza uso, anamtazama. Fundi alijaribu kukiona kile kioo kidogo kama kilivyokuwa asubuhi ile. Aliona mbili. Kama mbele yake palikuwa na moja au nyuma yake tatu, hakuona.

"Mzee," daktari aliuliza, "niandike wiki ya ngapi?"