Milango Iliyojiokoa

Kila Jumatano saa nne asubuhi kengele ya moto katika jengo la Harehope, mjini Leeds, hulia kwa nusu dakika ili ijulikane kama bado inalia, na hakuna mpangaji anayenyanyuka kitini. Jumatano hiyo ilipolia, milango ya kuzuia moto, yote sitini na minne, ilijichomoa kwenye bawaba ikateremka ngazi. Haikukimbia wala haikubeba kitu, kama tangazo la ukutani linavyoagiza. Ikajipanga mvuani kwenye maegesho, mahali pa kukusanyika.

Hester Ackroyd, mkaguzi wa usalama wa moto, aliikuta hapo. Cheti cha milango hiyo, kilichobandikwa ukutani, kilisema kila mlango utauzuia moto nusu saa. Alitoboa mmoja pembeni. Ndani mlikuwa na vipande vya maboksi vilivyoshindiliwa. Ungestahimili dakika nne, pengine tano, na mlango wenyewe ulilijua hilo.

Akapanda ghorofa ya tisa kwa Doreen Sugden, ambaye miguu yake haiwezi tena ngazi. Mpango wa jengo ulimtaka, moto ukizuka, afunge mlango awasubiri zimamoto.

"Wangu umeondoka bila kuaga," Doreen alisema. "Na miaka sita yote naupaka rangi."

"Pole, bibi. Ulikuwa unakudanganya."

"Basi kama mume wangu, marehemu Frank. Ila yeye jioni alirudi kula."

Hester akaandika kwenye ripoti: *Milango yote imejiokoa. Wapangaji bado wamo.*

Crossley, meneja wa kampuni yenye jengo, aliisoma chini ya mwavuli.

"Andika imetolewa kwa ukarabati."

"Haikutolewa, bwana. Imetoka."

"Imetoka, sawa, sikubishii. Sababu ya nini kuiandika? Umewatia watu hofu. Waombe radhi."

Kufikia saa tisa mafundi walikuwa wameirudisha yote kwa skrubu ndefu zaidi, na wa Doreen, uliokuwa ukitetemeka, wakautia mnyororo. Cheti kilekile kikabandikwa upya. Crossley akaleta barua ya kuomba radhi iliyokwisha kuchapwa, jina la Hester chini yake.

Hester aliisoma hadi mwisho, akamrudishia.

"Sahihi tu, dada. Unapungukiwa nini?"

"Ripoti wanayo zimamoto, kama nilivyoiandika," Hester alisema. "Radhi siombi. Leo siombi, na kesho usinipigie simu."