Nyoka Namba Mbili

Mume wangu Merv alikuwa na nyoka aitwaye taipani wa jangwani ndani ya sanduku la kioo, na kwa miaka ishirini alizunguka naye shule zote za magharibi mwa Queensland. "Huyu akiuma mara moja, sumu yake yatosha kuua watu mia!" aliwaambia watoto. "Namba moja duniani!" Kisha akawafundisha: ukiumwa, tulia, funga bendeji, na usioshe kidonda kamwe, maana sumu iliyobaki kwenye ngozi ndiyo itakayomwonyesha daktari ni nyoka gani.

Mimi majirani waliniita kuwatoa nyoka wa kahawia mabafuni na kwenye mabanda ya kuku. Sumu yao ni ya pili kwa ukali duniani, lakini ndio wanaotuzika, kwa sababu tunaishi nao na hawana subira. Taipani yuko mbali huko kwenye nyufa za udongo, na akisikia mtu anakuja, yeye hujificha. Nilimwambia Merv hayo mpaka nikachoka.

"Noelene, mama," alicheka, "we endelea na minyoo yako."

Jumanne mchana Glenys, muuguzi wa zahanati, alinipigia simu nikiwa dukani.

"Njoo upesi. Merv kaumwa na taipani wake, kajiendesha mwenyewe mpaka hapa. Tumempa dawa ya taipani, lakini damu bado inamtoka kwenye fizi."

"Mmempima ngozi?"

"Tungepima nini? Kaosha mguu kwa sabuni. Hata soksi kabadilisha."

Merv, kuosha? Nyumbani ni njiani, nikapita kwanza. Taipani alikuwa ndani ya sanduku, kufuli limefungwa. Kwenye banda la kuku nilikuta koleo, na kando yake kinyoka cha kahawia, chembamba kama kamba ya kiatu, kimekatwa kichwa.

Nilimpigia Glenys nikipiga kelele. "Wa kahawia! Mpe ya kahawia!"

Nilipofika dawa ilikuwa inaingia. Merv alinishika mkono.

"Usiwaambie, mama. Kwenye banda la kuku... watanicheka."

"Nimeshawaambia, mjinga wewe!"

Akageukia ukutani. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, na sijui kama nayajutia. Damu ilikuwa imeshavuja ubongoni. Alikata roho kabla ndege ya daktari kutoka mjini haijatua.

Baada ya mazishi tulikusanyika ukumbini, bia mkononi. Mama mkwe alikuwa amenionya nifunge mdomo kuhusu yule wa kahawia. Trevor, jirani yetu, akainua chupa.

"Kwa Merv! Angalau, bwana, kachukuliwa na namba moja!"

Wote wakaitikia. Mama mkwe akanifinya kiwiko.

"Namba moja yuko nyumbani," nikasema. "Asubuhi nimempa panya. Toka azaliwe hajamuuma mtu."

Hakuna aliyekunywa.