Kidonge Kabla ya Amina

Mwaka jana Dada Verlene Stubbs alianguka katikati ya sala ya chakula, na sisi tukashangilia. Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Tulidhani Roho amemshukia. Wahudumu wa kanisa, wenye glavu nyeupe, wakamfunika magoti kwa kitambaa, wakampepea, na Shemasi Ozell akapaza sauti, "Mwacheni, anaongea na Bwana!"

Kumbe hakuwa anaongea na mtu. Alikuwa amemeza kidonge chake cha kisukari, chakula kikachelewa, sukari ikashuka mpaka akazimia. Gari la wagonjwa linafika, gauni lake lote limelowa jasho. Kile kidonge humezwa nusu saa kabla ya kula, na ukishakimeza kinafanya kazi yake, umekula hujakula.

Sasa juzi, Jumapili ya tano ya mwezi, tulikuwa na wageni kutoka kanisa la ng'ambo ya mto. Ratiba ilisema chakula saa saba. Saa sita na nusu nikamkuta Verlene jikoni anameza kidonge.

"Mwenzangu, si ungesubiri uione sahani kwanza?"

"Ratiba imeandikwa na kanisa," akasema. "Basi kanisa lisinidanganye."

Saa saba ikafika. Kuku wa kukaanga yupo, sukuma wiki ipo na shingo ya bata mzinga ndani yake, harufu inaua. Lakini kwetu Mississippi mchungaji mgeni ndiye anayeombea chakula, na hakuna anayegusa hata mkate wa mahindi kabla ya amina. Na mgeni mwenyewe ni Mchungaji Tillmon! Huyo ukimpa sala umempa shamba, analima mpaka mpakani. Akaombea wajane, akaombea wanajeshi, akaombea barabara. Saa saba na robo ndiyo kwanza anamtoa Nuhu kwenye safina.

Nikafungua jicho moja. Verlene ameishikilia meza, vidole vinatetemeka, jasho linamchuruzika shingoni. Nikataka kumwita. Hakunisubiri. Akainuka, viatu vyake ko, ko, ko kwenye sakafu, mpaka kwenye jagi la chai baridi ya sukari. Akajaza glasi, akainywa yote amesimama.

"Verlene!" Mama Odessa, mama wa kanisa, alinong'ona kwa sauti ya kusikika barabarani. "Kwenye sala? Na wewe mwenye kisukari unakunywa sukari?"

"Ndiyo, Mama. Ikipanda nitapigana nayo miaka. Ikishuka hainipi hata muda wa huyu kumaliza."

"Keti, dada," Shemasi Ozell akasema. "Roho anafanya kazi."

"Roho wenu alinifunika magoti mwaka jana, Shemasi. Nikaja kuzinduka hospitali."

Mchungaji Tillmon akafungua macho. "Dada yangu, nimebakiza kidogo tu."

"Endelea, Mchungaji. Mimi Mungu nimeshamshukuru, sikuwa na mengi. Sasa nakula."

Akanyoosha mkono achukue sahani, mkono ukagoma, sahani ikagonga meza. Hapo nikayakumbuka makofi yangu ya mwaka jana, na aibu ikaninyanyua kwenye kiti. Nikampakulia mkate wa mahindi, makaroni ya jibini, sukuma, paja la kuku. Watu wanatukodolea macho, nami nikawakodolea yangu.

"Kula, mpenzi. Atakayesema neno aanze na mimi."

Akala. Taratibu vidole vikatulia.

Mchungaji akarudi kwa Nuhu, sauti imepanda kidogo kwa hasira. Mara nikasikia kiti kinakwaruza sakafu. Mama Odessa huyo, kofia yake ya manyoya imekaa upande, anakuja kwetu akijishika kwenye meza.

"Nipe na mimi hiyo chai," akaniambia. "Nimemeza kidonge changu cha kisukari saa sita na nusu, sawa na huyu mjeuri wako."

Amina ilipofika, tulikuwa kwenye pai ya pichi, na Verlene alikuwa anamkatalia Mama Odessa kipande cha pili.